Sushi Mbeya: uliza friza kwanza

Dada, umeuliza kama sushi, ule wali wa Kijapani wenye samaki, mara nyingi mbichi, ya hapa Mbeya inalika wakati bahari iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Umbali hauna neno, mnyororo wa baridi, yaani samaki kukaa kwenye ubaridi njia nzima, ndio wenye neno. Muulize mhudumu samaki wamegandishwa vipi: kuua minyoo kunataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friza nyingi za kawaida hazitulii hapo, hasa umeme ukikatika-katika.

Jodari ana balaa lake. Akipata joto njiani hujaa histamini, kemikali inayodhuru ukiila kwa wingi, na hiyo haiondoki kwa kugandisha wala kwa kupika. Ukisikia mdomo unawasha kama pilipili na wasabi, ile rojo kali ya Kijapani, hujaigusa, tema. Uso ukiiva na kichwa kikagonga, nenda hospitali.

Sato au mbasa mbichi kataa kabisa, hao wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, wana minyoo yao.

Wali nao utazame. Mchele wa Kyela unanukia vizuri, ila punje hazishikani, roli ya sushi inafumuka kabla haijafika mdomoni. Ukiwa na wasiwasi bado, agiza ya parachichi la Rungwe na kamba waliochemshwa.