Kutoka Tanga hadi Victoria Falls kwa basi, mke na mume: nendeni, ila anzieni Lushoto

Mkuu, umeuliza kama ni busara wewe na shemeji kubeba mabegi ya mgongoni mtoke Tanga mpaka Victoria Falls kwa mabasi bila kugusa ndege, mpite wapi, na muwaambie nini wazee wa pande zote mbili ambao hawataki hata kusikia. Mimi na mke wangu tumeipita njia hiyo. Nendeni. Wengi waliotangulia kukujibu wamezungumzia nauli, na nauli ni muhimu, lakini safari ya watu wawili huharibika pale mmoja anapochoka na mwenzake hajui la kufanya. Hilo hulijui mpaka uwe njiani naye.

Kwa hiyo jaribuni kwanza humu humu mkoani. Pandeni gari la Lushoto, halafu kuanzia pale mtembee kwa miguu kuelekea Mtae, mlale vijijini, kila mtu na begi lake, kwa uzito uleule mtakaokwenda nao. Milima ile itawaonyesha nani akichoka hununa, nani hugomba, na nani hawezi kuianza siku bila chai. Mke wangu nilimjua upya kule: njaa ikimshika haongei kabisa, nami nilikuwa nadhani amekasirika. Tangu hapo sitoki bila karanga mfukoni. Mkirudi, mwageni mabegi kitandani. Ambacho hakikuguswa muda wote kibaki nyumbani. Ila sweta msiache. Mbeya mwezi wa sita na wa saba ni baridi kweli, na usiku wa Zambia nao vilevile. Sisi watu wa pwani hatujui baridi.

Pesa tuliigawa hivi: mmoja anashika ya matumizi, mwingine anashika akiba, na kila wiki tunabadilishana. Mwenye zamu ya matumizi ndiye anayeamua gesti na chakula, mwenzake hahoji mpaka zamu igeuke. Kisha kila mtu ana fungu lake dogo la kutumia apendavyo bila kuulizwa. Shemeji akitaka kitenge cha Karonga kule Malawi, ni chake. Mpango huu umetuepusha na ugomvi mwingi kuliko ushauri wowote tuliopewa.

Njia sasa. Hamna haja ya kuingia Dar. Kutoka Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, teremkeni Chalinze, mkalale Morogoro, kesho yake mpite Mikumi mchana, maana barabara inakatiza katikati ya hifadhi na wanyama mnawaona mkiwa ndani ya basi. Halafu Iringa, kisha Mbeya. Kutoka Mbeya wengi hunyoosha Tunduma waingie Zambia. Mimi ningewapitisha Tukuyu mpaka Kasumulu, mvuke mto Songwe muingie Malawi: Karonga, Mzuzu, Nkhata Bay. Pale mpumzike kwa siku kadhaa, muogelee ziwani, mle samaki wa ziwani aitwaye chambo kwa nsima, yaani ugali wa kule. Mtakuwa mmechoka na mabasi, na pumziko lenyewe ni sehemu ya safari. Kisha Lilongwe, mpaka wa Mchinji muingie Zambia: Chipata, Lusaka, na mwisho Livingstone, mji ulio jirani na maporomoko.

Jifunzeni salamu za Chinyanja, "muli bwanji" na "zikomo". Zitawafaa Malawi, na tena Chipata mpaka Lusaka. Kumbukeni pia mkivuka tu kutoka Tanzania, saa inarudi nyuma kwa saa moja.

Mtanzania mwenye pasipoti hahitaji viza ya Malawi wala ya Zambia kwa matembezi. Chanjo ya homa ya manjano chomeni angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na kadi ikae pamoja na pasipoti. Siku hizi chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote, hairudiwi kila baada ya miaka 10 kama zamani. Beba chandarua.

Kwa wabadilisha fedha wa mpakani macho yawe wazi. Kwacha ya Malawi na kwacha ya Zambia ni fedha mbili tofauti, na Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye fedha yake Januari 2013. Ukipewa noti ya Zambia ya maelfu, hiyo ni ya zamani, rudisha.

Wazee msiwaage kwa simu. Nendeni wawili, kwao na kwenu, mkae kitako. Mama mkwe wangu aliniuliza swali moja tu: mwanangu akiugua ugenini, nani atamuuguza? Nilimjibu kwa kumtajia kila mji tutakaolala, akiba ya matibabu na aliyeishika, na siku ya kupiga simu, Ijumaa baada ya swala. Hakufurahi, lakini aliridhika, na dua ya safari ilisomwa nyumbani kwake. Kile kikao kilinipa nguvu kuliko fedha zote nilizoweka. Usikiruke, mkuu, hata kama utasemwa.

Kuhusu mwezi wa kuondoka: maporomoko yanajaa zaidi Aprili na Mei, na Oktoba upande wa Zambia huweza kubaki mwamba mtupu. Mkitoka Tanga mwishoni mwa Mei, masika yanaisha huku, mvua za Malawi na Zambia zimekwisha, na maji bado ni mengi kiasi cha kuwalowesha. Kurudi, kama treni ya abiria ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inatembea, ipandeni Kapiri Mposhi, Zambia. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 mpaka Dar, na mtajinyoosha miguu. Lakini ulizeni stesheni kwanza, maana safari hizo husimama mara kwa mara. Ikiwa imesimama, kuna mabasi ya Lusaka hadi Dar kupitia Tunduma.