Je, Romania "ilifanya mapinduzi" Budapest?

SWALI: Binti yangu wa kidato cha sita ameandika: "Romania ilifanya mapinduzi Hungaria mwaka 1919." Mwalimu wake amelikata neno "mapinduzi" na kuandika "uvamizi". Lakini mbona vitabu vinasema mwaka huo Hungaria kulikuwa na mapinduzi?

JIBU: Mwalimu amefanya vyema kulikata, ila hilo alilolitia nalo lina miiba.

Kupindua ni kugeuza cha juu kiwe chini. Kutokana nalo tunapata mapinduzi, kama komboa inavyotupa ukombozi. Shida ni kwamba umma ukiinuka, mapinduzi. Wanajeshi wachache wakimtoa mkubwa usiku, mapinduzi vilevile. Na Hungaria ya wakati ule ilishuhudia ya kila namna. Oktoba 1918 raia na askari wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, walimwingiza Mihály Károlyi madarakani. Machi 21, 1919, serikali yake ikiwa imejiuzulu kwa shinikizo la mataifa yaliyoshinda Vita vya Kwanza vya Dunia, wasoshalisti waliungana na wakomunisti, ikatangazwa Jamhuri ya Kisovieti. Nayo tunayaita mapinduzi, ingawa makubaliano yalifikiwa gerezani, alikokuwa amefungwa Béla Kun, kiongozi wa wakomunisti! Agosti 6, kikundi cha István Friedrich kikaipindua serikali ya Gyula Peidl, iliyokuwa na siku chache tu. Hayo ndiyo mapinduzi ya watu wachache.

Romania haimo katika orodha hiyo. Ilikuwa dola ya kifalme jirani iliyotaka kuishika Transylvania, eneo lililokuwa la Hungaria. Aprili majeshi yake yalisonga hadi mto Tisza, ndani ya Hungaria. Julai Wahungaria wakavuka mto huo kushambulia, wakarudishwa nyuma. Agosti 1 serikali ya Kun ikaanguka, na siku chache baadaye Waromania wakaingia Budapest. Jeshi la nje huangusha serikali, huing'oa. Kumbukeni Uganda: mwaka 1971 Amin alimpindua Obote, lakini 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala, wengi wetu twasema Amin aling'olewa.

Sasa miiba ya "uvamizi". Kuvamia kunabeba lawama: anayevamia ndiye mkosaji. Mhungaria atalikubali neno hilo. Mromania atakuuliza nani alivuka Tisza mwezi Julai. Katika insha ya historia mimi ningesema jeshi la Romania liliingia Budapest na kuukalia mji hadi Novemba. Kukalia kunaeleza kilichotokea bila kumhukumu mtu mapema. Wala usiandike "lilikaa Budapest". Hilo ni la mgeni aliyepanga chumba.

Basi binti aandike: "Mwaka 1919 Romania ilipigana na Hungaria ya kikomunisti, serikali ya Béla Kun ikaanguka, na jeshi la Romania likaikalia Budapest." Na akitaja vita hivyo, ni vita vya, si vita ya, hata kama mtaani tunasema vingine.