Kwa Nini Hela Hukatika Januari na Julai: Jibu kwa Wadogo Zangu wa Moshi

Wadogo zangu, mmeniuliza swali la haki: inakuwaje mtu anayeishi Marekani, tena kwenye nyumba yenye mashine ya joto na ya baridi, aseme kila Januari na kila Julai kwamba hana hela ya kutuma? Mmoja wenu ameongeza kuwa baridi si jambo geni kwetu, kwa sababu Juni mawingu yakishatanda Moshi tunavaa sweta na maisha yanaendelea. Nawajibu bila kuficha.

Hapa Richmond, Virginia, Julai joto la mchana hufika nyuzi 32 na hewa huwa nzito kama ya Tanga, ilhali Januari usiku hushuka chini ya sifuri hata maji ya ndoo iliyoachwa uani yakaganda. Nyumba ni hiyo hiyo moja kwa hali zote mbili, kwa hiyo imezibwa pande zote: kuta zimejazwa sufi ya glasi ya kuzuia joto lisipite, madirisha hukaa miezi bila kufunguliwa, na hewa ya vyumbani husukumwa na mashine kupitia mabomba mapana yaliyo chini ya sakafu. Kazi ambayo huko kwetu hufanywa bure na dirisha la wavu, huku inalipiwa.

Mashine yenyewe huitwa pampu ya joto. Haichomi kitu, wakati wa joto hulitoa joto ndani na kulitupa nje, na wakati wa baridi hugeuza safari hiyo, kwani hata hewa ya baridi ina joto la kuchotwa. Ndiyo maana, baridi isipokuwa kali, umeme kidogo huleta joto mara mbili au tatu yake. Baridi ikizidi, huwaka nyaya za akiba zinazofanya kazi kama hita ya maji, na hizo hula umeme vibaya sana. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikiishusha mashine kila asubuhi nikienda kazini, nikidhani nabana matumizi, kisha jioni naipandisha nyuzi sita kwa mkupuo. Kumbe kila jioni nilikuwa nawasha nyaya zile kwa mkono wangu. Bili ya Oktoba ilikuwa dola 84. Ya Januari ilikuja dola 312. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya muhula ambayo haikufika.

Julai, tatizo kubwa ni unyevu kuliko joto lenyewe. Kiyoyozi hukausha hewa kwa kuifanya iache maji kwenye mabomba yake yaliyo baridi, na kazi hiyo inahitaji muda. Mashine ya nyumba yangu ya kwanza ilikuwa kubwa kupita kiasi: ilipoza vyumba kwa dakika chache, ikazima kabla ya kukausha chochote, nasi tukabaki tumelala kwenye ubaridi wenye majimaji. Viatu vya ngozi nilivyotoka navyo Moshi nilivikuta kabatini vimeota kuvu ya kijani, na mtoto alikuwa akikohoa kila usiku. Fundi aliyekuja alitambaa chini ya sakafu, akaniita, akaniambia niweke kiganja kwenye kiungo kimoja cha bomba. Upepo mkali wa baridi ulikuwa ukitoka pale, ukipoza udongo. Nilisikia uchungu, kwa sababu nilikuwa nimeulipia miezi yote hiyo.

Mama aliuliza kwa nini nisiingize jiko la mkaa ndani. Mama, nakuomba hata wewe uache kulala nalo chumbani. Gesi yake ya sumu haionekani wala hainuki, na katika nyumba iliyozibwa namna hii huua familia nzima usingizini.

Sasa nimehamia nyumba nyingine, mabomba yamezibwa vizuri, na mashine naiacha kwenye nyuzi 20 wakati wa baridi na 25 wakati wa joto bila kuichezea. Bili imepungua, ingawa haijaisha. Aprili na Oktoba hufungua madirisha na mashine hupumzika kwa siku nyingi, kwa hiyo ada ya shule na hela ya mabati tuzipange kwenye miezi hiyo miwili. Mkiniomba Januari, nitalazimika kukopa.