Benzi ya 1982 kutoka Uingereza hadi Mbeya

Kaka, umeuliza kama Benzi yako ya 1982, ile ya toleo la W123, urudi nayo Mbeya au uiuze huko huko Uingereza. Angalia kwanza tarehe ya kulimiliki kwenye kadi ya gari. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamsamehe ushuru anayehamia nchini kwa gari moja, ilimradi amelimiliki na kulitumia huko miezi 12, na siku za melini hazihesabiwi. Kama ulilinunua juzi juzi, jiandae: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na juu yake ushuru wa uchakavu asilimia 30, maana limepita miaka 10. Wewe unaliita la kifahari, forodha wanaona kuukuu tu (na mkeo pia, nadhani).

Likitoka bandarini Dar, mimi ningelipakia kwenye lori. Kupanda mlima Kitonga, ule mkali wa njiani Iringa, na rejeta ya miaka 40 ni kujitafutia balaa. Na huku juu Mbeya, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Kama ni la kabureta litakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi mpaka fundi alitune upya.