Mende hawamaliziki kwa kupuliza dawa

Nimeishi nyumba za kupanga hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, zile za wapangaji kutenganishwa na ukuta mmoja tu, na swali ninaloulizwa sana ni hili: juzi tumepuliza dawa, mende wakafa hadi kizoleo kikajaa, mbona leo wapo tena? Nalijibu kwa kirefu, maana inaniuma kuona mtu anakata hela ya mboga kila wiki kununua kopo jingine.

Mende wakubwa wekundu wa chooni wengi hutoka kwenye karo na mitaro. Ziba nyufa, funika tundu la maji bafuni, utawapunguza. Wanaotesa watu ni wale wadogo wa kahawia, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Hao hawatoki nje. Wanazaliwa, wanakula na kufia ndani ya nyumba zetu.

Jike lao halitagi mayai na kuyaacha. Huyabeba kwenye kifuko kigumu mwishoni mwa tumbo, mayai 30 hadi 40, mpaka yakaribie kuanguliwa, na ganda la kifuko hicho huzuia dawa nyingi zisiyafikie. Watoto wakitoka, baada ya miezi miwili hivi nao wanaweza kuzaa. Kwa hiyo ukiua mende wote wanaoonekana sakafuni ukabakiza majike machache nyuma ya friji, hesabu inaanza upya. Na watabaki, kwa sababu muda mwingi mende hawa wamejibanza kwenye upenyo wa milimita chache tu: kwenye bawaba za kabati, karibu na mota ya friji kwenye joto, chini ya sinki, ndani ya jiko la gesi. Ukiwaona mchana wanakatiza, ujue maficho yameshajaa.

Dawa ya kupuliza haifiki huko. Tena harufu yake huwatawanya, wakahamia chumbani au kwa jirani. Na wale walionusurika huzaa watoto wenye usugu, yaani wasiouawa na dawa hiyo. Kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo zimejaa kwenye makopo mengi na kwenye chaki ya mende, zimetumika mno duniani kiasi kwamba mende wengi wamezizoea. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza kwamba mende hawa wanaweza kuwa sugu hata kwa dawa ambazo hawajawahi kukutana nazo.

Ninachokiamini mimi ni chambo cha jeli, yaani chakula kilichochanganywa na sumu, ile inayouzwa kwenye bomba kama la sindano. Weka matone madogo, kila moja kama punje ya mchele, mengi na karibukaribu na maficho: kwenye bawaba, kona za ndani za kabati, nyuma ya friji. Tone moja kubwa katikati ya jiko ni hasara tupu. Mende anakula, anarudi kufia alikotoka, na watoto wanaokula kinyesi chake na mzoga wake nao wanakufa. Hapo ndipo inapoishinda dawa ya kupuliza. Ila ukipuliza kopo juu ya chambo, hawatakigusa tena, kwa hiyo chagua moja. Matone yakikauka au yakiliwa, ongeza, na uvumilie wiki kadhaa. Kama wanayapita bila kuyagusa, badilisha aina ya jeli. Mwaka 2013 watafiti wa North Carolina, Marekani, walionyesha kwamba kuna mende ambao glukosi kwao ina ladha chungu, na chambo chenye sukari hiyo wanakikataa.

Wakati huohuo wanyime maji. Wanaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula ikiwa wana maji, na chakula hawakikosi, maana hata gundi ya boksi wanakula. Futa sinki usiku, tengeneza bomba linalovuja, mwaga maji ya trei ya nyuma ya friji. Maboksi ya dukani na friji ya mtumba vikaguliwe nje kabla ya kuingia.

Halafu ongea na majirani. Hili wengi wanaliona aibu, kana kwamba kuwa na mende ni kukiri uchafu, wakati nyumba safi kabisa huletewa na ukuta wa pamoja. Mwombeni mwenye nyumba mchange, mweke chambo siku moja vyumba vyote, pamoja na stoo na jiko la nje.

Na tafadhali, msinunue dawa za shambani zinazopimwa kwenye chupa za maji ya kunywa bila lebo. Mtoto anaweza kuinywa, na hakuna atakayeweza kumwambia daktari ni sumu gani. Mende wenyewe huchochea pumu kwa watoto, kwa hiyo kazi hii ni ya lazima, lakini ifanyike kwa dawa yenye jina, kiwango na maelezo yanayosomeka.