Pengwini huhesabiwaje mahali pasipofikika?

Ndugu, umeuliza wanasayansi wanajuaje pengwini kaisari wanapungua ilhali huko Antaktika wanazaliana majira ya baridi kali, gizani, mahali ambapo mtu hafiki.

Kinachowafichua ni kinyesi chao. Kundi likikaa miezi mahali pamoja, barafu nyeupe hupata doa la kahawia linaloonekana hadi kwenye picha za setilaiti. Wakishajua doa lilipo, huchukua picha kali zaidi na kukadiria idadi ya ndege wenyewe. Ndivyo mwaka 2012 wanasayansi walivyotangaza makundi 46 yenye ndege wapatao 595,000, karibu mara mbili ya makadirio ya awali. Usidhani waliongezeka ghafla! Walikuwepo siku zote, ila hawakuwa wamehesabiwa.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Kundi la Halley Bay, kwenye pwani ya Antaktika, lilikosa vifaranga karibu kabisa miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, kwa sababu barafu ya bahari ilivunjika mapema. Ukitazama picha za hapo tu, utalia. Lakini pengwini wazima wengi walikuwa wamehamia Dawson-Lambton, kundi la jirani, nalo likakua sana. Kwa hiyo lazima utazame pwani nzima, tena kwa miaka mingi.

Mimi kinachoniuma zaidi ni mwaka 2022, Bahari ya Bellingshausen, huko huko Antaktika: makundi manne kati ya matano yalipoteza vifaranga. Barafu ilitoweka kabla hawajaota manyoya yasiyopitisha maji.