Jirani mgeni akibebwa usiku: tulichofanya sisi Kaptembwa

Ndugu, umeuliza jirani afanye nini. Unasema Warundi wa ploti yenu walivunjiwa mlango usiku na polisi, wakapigwa, wakabebwa, na kwa kuwa umeona video za watu wa Chicago, Marekani, wakipuliza filimbi kuonyana maafisa wa uhamiaji wakija, unataka kujua kama huku Nakuru zitafaa. Najibu kwa yaliyotukuta sisi wa mtaa wa Kaptembwa, hapa Nakuru.

Filimbi inafaa kuamsha watu. Alfajiri ya 30 Septemba 2025 maafisa wa serikali kuu ya Marekani walivamia jengo la ghorofa South Shore, Chicago, wakisaka wahamiaji, wengine wakishuka kutoka kwenye helikopta. Walivunja milango wakawatoa watu nje, hata raia wa Marekani. Msimu huo watu wa Little Village na mitaa mingine walitembea na filimbi shingoni, na wenye simu wakarekodi. Waandishi wa habari, wahubiri na waandamanaji wakaenda kortini, na Novemba 2025 Jaji Sara Ellis akatoa amri ya kuwabana maafisa hao katika kutumia nguvu na mabomu ya machozi. Mahakama ya rufaa iliisimamisha amri hiyo baadaye, lakini yaliyotendwa yalikuwa yameshaanikwa mbele ya jaji.

Kwetu kazi kubwa iko baada ya gari kuondoka.

Waliobebwa kwetu ni vijana Warundi wanaouza njugu karanga. Mmoja alipigwa rungu mdomoni, beseni likapigwa teke, njugu zikatapakaa koridoni pamoja na vile vikaratasi vya kufungia. Watu walitoka wakasimama milangoni na taa za simu. Aliyetuokoa ni mama mboga wa nyumba ya mwisho. Hakutukana wala hakumshika askari mkono. Aliuliza tu kwa sauti ya kusikika na wote: "Afande, mnawapeleka kituo gani?" Akanyamaziwa, akauliza tena na tena, mpaka mmoja akajibu. Shika swali hilo. Mtu ambaye hakuna anayejua aliko anaweza kuzungushwa vituo mpaka jamaa zake wakate tamaa.

Wawili wetu tukafuata kwa bodaboda. Pale kituoni tuliambiwa hakuna watu wa majina hayo. Majina ya Kirundi huandikwa anavyosikia aliye kaunta, kwa hiyo ukitafuta kwa jina unaweza kukosa. Siku hizi picha ya hati ya kila mgeni wa ploti yetu iko kwenye simu ya jirani mmoja anayeaminiwa, kwa ridhaa ya mwenyewe. Ukifika, omba namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na uandike saa. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata saa hizo zikiisha nje ya muda wa korti. Ana haki pia ya kuwasiliana na wakili.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo wengi huangamia. Kijana aliyetishwa usiku kucha, Kiswahili chake cha kuuzia njugu, anasimama kizimbani na kuitikia kila anachoulizwa. Kwa anayekaa nchini bila kibali, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaruhusu faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. "Ndiyo" moja inamfunga. Aombe mkalimani kabla ya kujibu shtaka. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa bila malipo. Tafuteni wakili mapema. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wamezishughulikia kesi za wageni na wakimbizi kwa miaka mingi. Ndio waliokwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 ikafuta agizo la serikali la kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini.

Uliza pia hali ya kila mmoja, kwa sababu haziko sawa. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kugongewa muhuri wa kukaa hadi miezi sita, na huenda tarehe yake bado haijapita. Aliyekimbia mateso analindwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 asirudishwe kwenye hatari.

Hongo, hapana. Tuliombwa, tukakataa. Ploti ikilipa leo, watarudi mwisho wa mwezi.

Kuna wanaosema hawa si wetu. Mimi ni mtu wa Nakuru, na mwaka 2008 maelfu ya watu waliofukuzwa makwao katika ghasia za uchaguzi walilala Showground hapa, uwanja wa maonyesho. Waliobebewa blanketi na uji na watu wa mji huu hawakuulizwa kwanza kwao ni wapi. Sheria ikisema mtu arudi kwao, arudishwe na korti, akiwa na meno yake yote.

Kwa waliopigwa: piga picha majeraha siku hiyo hiyo, wapeleke hospitali, chukua fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari, kisha peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Wana ofisi hapa Nakuru na Kisumu. Na leo jioni nunueni kufuli mfunge ule mlango uliovunjwa, vitu vyao visiibwe. Kama kuna mtoto aliyebaki, alale kwa jirani anayemjua na kesho aende shule. Sisi tulichangishana kwenye chama cha ploti, mzee wa Nyumba Kumi akashika daftari. Ukikwama kituoni, andika hapa, nitakuambia tulivyopita.